Kengele ya Kwenda Nyumbani

Kila asubuhi, kabla jua halijavuka ukuta wa shule, Bibi alikuwa ameshatia makaa kwenye pasi yake na kuyapepea kwa kipande cha boksi mpaka cheche zikaruka. Alikuwa dobi. Kibanda chake kilitazamana na lango la shule, na ndani kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, ndoo ya maji ya wanga, na kamba zilizolemewa na mashati ya watu. Mjukuu wake alimsaidia kunyunyiza maji kwenye nguo kabla ya kuvaa sare na kukimbia. Hakuna aliyemwita mjukuu huyo kwa jina lake la kuzaliwa. Tangu achaguliwe kuwa kiranja wa saa, mtaa mzima ulimwita Sekunde, na mwenyewe alilipenda jina hilo ingawa alijifanya kukunja uso akiitwa.

"Bibi, tumechelewa!"

"Tumechelewa mimi na nani? Shati halina miguu, halinikimbii. Nyunyiza vizuri hapo kwenye kola."

Mama yake Sekunde alikuwa mpishi wa hospitali katika mji mwingine na alirudi kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, na wote wawili wabishi. Walipendana sana, lakini hakuna aliyekubali kushindwa kwa maneno.

Kazi ya kiranja wa saa ilikuwa kupuliza filimbi: ya kukusanyika, ya kubadilisha vipindi, na ya kwenda nyumbani. Shule ile haikuwa na kengele. Kwa nini haikuwa nayo, Sekunde hakuwahi kuuliza. Alidhani ni umaskini tu, kama vile ilivyokosa nyavu za magoli. Shida ni kwamba filimbi yenyewe ilikuwa imezeeka na ikilia, ililia kama kuku mwenye mafua. Wanafunzi waliokuwa mwisho wa uwanja hawakuisikia. Walichelewa kuingia darasani, mwalimu wa zamu aliwapa adhabu ya kung'oa nyasi, nao wakamaliza hasira zao kwa Sekunde.

"Wewe si Sekunde," alisema mwanafunzi mwenzake mmoja, aliyejulikana kwa jina la Mbishi, huku akionyesha malengelenge ya viganja vyake. "Wewe ni Baadaye!"

Darasa zima liliangua kicheko. Sekunde hakucheka. Maneno yale yalimchoma, na alipokwenda nyumbani siku ile alikuwa ameshakata shauri. Shule ingekuwa na kengele, na angeitafuta yeye mwenyewe.

Mwisho wa barabara palikuwa na gereji, na fundi wake alikuwa kijana mgeni aliyehamia mtaani mwaka uliopita tu. Sekunde alimsalimia, akamweleza shida yake bila kupumua. Fundi alijikuna kichwa kwa mkono wenye grisi, akaingia nyuma ya gari bovu, akatoka na ringi ya gurudumu iliyopinda kidogo na kipande cha nondo.

"Chukua. Hii ukiigonga, hata waliokufa wataamka," alisema akicheka. Hakujua alichokisema, maskini.

Kesho yake asubuhi, Sekunde na Mbishi waliibingirisha ringi mpaka kwenye varanda ya jengo la zamani. Kwenye boriti ya varanda hiyo palikuwa na kulabu nene ya chuma, imelika katikati. Kulabu hiyo ilikuwapo siku zote. Wanafunzi waliitupia kofia zao kwa mchezo, na hakuna aliyejiuliza hapo zamani ilibeba nini. Mwalimu wa zamu, aliyekuwa akisahihisha madaftari, alisema "Haya, jaribuni" bila kuinua macho. Mbishi alipanda dawati na kuitundika ringi. Ilikaa vizuri sana.

Kulabu ilikuwa juu, kwa hiyo Sekunde ilimbidi asimame kwa vidole vya miguu ili aifikie ringi. Nondo nayo ilikuwa nzito, hata hakuweza kugonga haraka. Aligonga mara moja, akapumua, akagonga tena.

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti ilitoka nene na safi, ikavuka uwanja, ikavuka ukuta. Wanafunzi wa mwisho wa uwanja waliacha mpira wakaja mbio. Sekunde aliwaona akajaa furaha, akaendelea kugonga mpaka mabega yakamuuma. Ndipo alipotazama nje ya lango.

Mtaa ulikuwa unajifunga. Mzee Kinyozi, ambaye mkono wake haukuwahi kutetemeka, alitoka nje na wembe, akatazama huku na huku, akarudi ndani na kuvuta mlango, na mteja wake akaachwa barabarani na povu nusu ya kidevu. Kikongwe mmoja muuza mkaa alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya magunia yake. Milango ya maduka iliteremshwa kwa kishindo. Vijana waliokuwa wakipita hawakujua lolote, lakini walipoona wazee wanakimbia, nao wakakimbia. Kisha Sekunde akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua.

Alidondosha nondo na kuvuka barabara. Kibandani pasi ilikuwa imeachwa juu ya koti jeupe, na moshi ulikuwa unapanda. Aliiondoa haraka na kumwagia maji. Bibi hakuwapo mezani. Alikuwa chini yake, magoti yamegusa kifua, kiganja amekibana mdomoni.

"Bibi! Kuna nini?"

"Shh. Usitoke," Bibi alinong'ona. "Usiende. Wasikuone."

"Bibi, ni mimi. Kengele nimegonga mimi."

Bibi alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Katika maisha yake yote Sekunde hakuwahi kumwona bibi yake akiogopa kitu, hata nyoka alimfukuza kwa ufagio. Akakaa chini sakafuni karibu naye.

Hawakukaa sana. Nje palisikika sauti ya Muuza Mkaa. Alikuwa amesimama kwenye lango la shule, vumbi jeusi limemjaa usoni, machozi yamechora njia katikati yake.

"Nani amegonga? Nataka kumwona!"

"Ni mjukuu wa dobi," mtu mmoja alijibu.

"Kumbe!" Muuza Mkaa alipiga kofi. "Ningejua tu! Kaka yake alituita kwa ile ile, watu wakaenda wakafa. Sasa mjukuu naye anatuita! Mnataka nani tena? Mimi nimebaki peke yangu!"

Mwalimu Mkuu alitoka ofisini mbio. Naye alikuwa mgeni, ana muhula mmoja tu pale, na alihangaika kuelewa kulikoni. Alimtuliza mama wa watu, akaamuru ringi iteremshwe mara moja. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na mkutano wa wazazi na majirani, na baada ya mkutano fundi wa kuchomelea ataikata ile kulabu, boriti ipakwe rangi, na mambo yaishe.

"Sitaki jambo hili lizungumzwe tena," alisema. "Tunataka amani."

Sekunde alisikia yote akiwa mlangoni mwa kibanda. Neno moja tu lilimng'ang'ania: kaka yake. Bibi alikuwa na kaka?

Jioni Bibi alipika kama kawaida, akapakua kama kawaida, akakaa kimya isivyo kawaida. Sekunde hakugusa chakula.

"Kula."

"Bibi, kaka yako alifanya nini?"

"Hayo yamepita. Kula."

"Sili."

"Basi usile."

Sekunde alitaka kulia, lakini alijikaza.

"Bibi, mimi leo nimewatisha watu. Nimemliza yule mama. Nimekutia wewe chini ya meza. Sikukusudia. Nisingegonga kama ningejua. Lakini nani alitakiwa aniambie?"

Bibi alisukuma sahani pembeni. Alijifuta mikono kwa muda mrefu, ingawa ilikuwa safi.

"Mimi," alisema mwishowe. "Nilitakiwa nikuambie mimi."

Ndipo alipoanza kusimulia. Alisimulia akitazama makaa yaliyokuwa yakififia jikoni, na sauti yake ilikuwa tulivu.

"Kaka yangu ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa shule. Ilikuwa ringi kama yako, kwenye kulabu hiyo hiyo. Alikuwa mfupi, akigonga anasimama kwa vidole. Na majivuno yake! Ungedhani shule ni yake. Kengele ya kukusanyika aligonga moja moja, polepole. Ya kwenda nyumbani, mbili za haraka, kisha moja. Mtaa mzima ulizijua. Hata mama waliokuwa wanapika walijua sasa watoto wanarudi.

"Wakati ule kulikuwa na vita, na wazee walikubaliana kwamba hatari ikija itagongwa ya kukusanyika, watu wote waingie shuleni, maana ukuta ni mrefu na lango ni la chuma. Lilikuwa wazo zuri. Lakini wenye bunduki walipata habari zake. Asubuhi moja wakaja na sare nzuri, kaka yangu akadhani ni askari wa kutulinda. Wakamwambia apige, akapiga. Watu wa upande huu wa reli wakaja. Walibeba watoto, walibeba magodoro. Walipokwisha kuingia, lango likafungwa."

"Halafu?"

"Halafu wakawaua." Bibi alichokoa makaa. "Kosa lao lilikuwa mahali walikozaliwa. Kosa lingine sijalisikia mpaka leo."

Sekunde alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, mkono ambao kutwa nzima ulishika pasi ya moto.

"Lango lilipofungwa, kaka alielewa. Akanisukuma ndani ya stoo ya mafagio, pale pale varandani, akaufunga mlango. Palikuwa na ufa chini, nikawa naona visigino vyake tu. Nikasikia wanamwambia, 'Piga tena, wa ng'ambo ya reli hawajafika.' Akapiga. Lakini hakupiga ya kukusanyika, mjukuu wangu. Alipiga ya kwenda nyumbani. Mbili za haraka, kisha moja. Wale watu hawakuwa wa hapa, kwao kengele ilikuwa kengele tu. Akapiga, akapiga. Niliona visigino vyake vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka. Walipoona hakuna anayekuja, walielewa. Visigino havikupanda tena."

Makaa yalikuwa yamezimika. Sekunde alikuwa analia waziwazi sasa, na hakuona haya.

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

"Kwenye mazishi mama mmoja alisimama akamlaani mpiga kengele, na wote wakaitikia. Walikuwa na haki ya kuwa na uchungu, wamepoteza kila kitu. Mimi nilikuwa mtoto wa umri wako. Nani angeniamini? Nikafunga mdomo. Na mdomo ukishafungwa miaka mingi, mwanangu, unazoea."

"Jumamosi wanaikata kulabu."

"Waikate."

"Wakiikata, watakaokuja watajua nini? Watajua Babu Mpiga Kengele aliwaua watu, basi. Na wengine watasema hakuna kilichotokea." Sekunde alijifuta pua kwa kiganja. "Waambie, Bibi. Hata wakikuzomea, waambie. Mimi nitakaa karibu yako."

Bibi hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alimwambia akalale.

Kesho yake Sekunde alikuwa na kazi nyingine isiyopendeza. Koti lililoungua lilikuwa la Kinyozi. Alilikunja, akaenda nalo.

"Shikamoo, Babu. Nimeleta koti. Limeungua mgongoni. Samahani, ni kosa langu."

"Marahaba. Mgongo wangu siuoni, utanisumbua nini?" Kinyozi alilipokea, akaendelea kunoa wembe. Sekunde hakuondoka.

"Babu, wewe ulikuwapo siku ile? Wewe ulikaa upande gani wa reli?"

Mkono wa Kinyozi ulisimama.

"Nina mteja," alisema. Kiti cha wateja kilikuwa kitupu. "Nenda shule, Sekunde. Leo utachelewa."

Sekunde alitoka, lakini mlangoni aligeuka. "Jumamosi Bibi atasema kila kitu," alisema, ingawa Bibi hakuwa amemwahidi neno. Kisha akatimua mbio kabla hajaulizwa zaidi.

Jumamosi darasa la saba lilijaa watu wazima waliobanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Fundi wa kuchomelea alikuwa nje na mitambo yake. Sekunde aliruhusiwa kuingia kwa kuwa ndiye mkosaji. Muuza Mkaa alikaa mbele kabisa, na Kinyozi nyuma, karibu na mlango, kama mtu aliyejiandaa kuondoka. Nafasi ya karibu na Sekunde ilikuwa tupu.

Mwalimu Mkuu alisimama. Aliwaomba radhi majirani, akasema mtoto hakujua, na kulabu inaondolewa leo hii ili kidonda cha watu kisiguswe tena. "Kama hakuna la ziada, tufunge mkutano."

"Lipo," alisema Bibi.

Alikuwa mlangoni. Alikuwa amevaa gauni lake la kwendea harusini, limepigwa pasi likanyooka kabisa. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, akageuka. Muuza Mkaa alitazama pembeni.

Bibi alisimulia kama alivyosimulia jikoni. Alipofika kwenye kengele ya kwanza, minong'ono ilianza. "Si tunajua!" mtu mmoja alisema kwa sauti. Bibi alitazama chini, na kwa kitambo kidogo Sekunde aliogopa kwamba mdomo ule utafungwa tena. Aliinuka akaenda kusimama karibu naye, kama alivyoahidi. Alimshika gauni.

"Kengele ya kwanza mnaijua wote," Bibi aliendelea. "Hiyo aliipiga, na sikatai. Alidanganywa, na watu wetu wakafa. Lakini iko ya pili. Nitawagongea. Msiogope, ni kidole tu."

Aliinama, akagonga juu ya dawati kwa kifundo cha kidole. Sauti ilikuwa ndogo sana, lakini hakuna aliyekuwa anapumua.

Ngo-ngo, ngo. Ngo-ngo, ngo.

Nyuma kabisa dawati liliburutwa. Kinyozi alikuwa amesimama. Kwa jinsi alivyojitazama, hata yeye hakujua ameinuka saa ngapi.

"Hiyo ndiyo," alisema. "Hiyo ndiyo iliyonirudisha. Tulikuwa njiani, ukoo mzima, tumefika relini. Kengele ikabadilika. Marehemu baba akasema, 'Hii si ya kukusanyika, hii ni ya kwenda nyumbani. Mpiga kengele hakosei. Rudini.' Tukarudi tukajificha bondeni. Watu wote wa ng'ambo walirudi." Alimtazama Bibi. "Dada, nimekupa makoti yangu upige pasi miaka yote hii, na sijawahi kukuambia. Niliona haya. Wenzetu walikuwa wanazika, nami niende kusema kaka yako aliniokoa mimi? Nikanyamaza. Lakini ni kweli, na mimi ni shahidi."

Watu wote walimgeukia Muuza Mkaa, maana kila mtu alijua uchungu wake. Yeye alikuwa ametazama dawati, pale kidole cha Bibi kilipogonga.

"Mimi nilikuwa kisimani," alisema taratibu. "Mume wangu na wanangu walishakwenda. Niliposikia kengele nikaacha ndoo nikakimbia niwafuate. Katikati ya njia nikasikia imebadilika. Nikasita." Aliinua uso. "Miaka yote najiuliza, mimi ni mama gani niliyesita. Najichukia kwa kule kusita. Kumbe nilisita kwa sababu niliambiwa nirudi nyumbani."

Bibi alimsogelea, akakaa karibu naye kwenye lile dawati dogo. Hawakukumbatiana. Walikaa tu, bega kwa bega.

"Sijasema nimesamehe," Muuza Mkaa alisema baadaye. "Wanangu waliitwa na ile ya kwanza, na hilo halibadiliki. Ila wewe Mwalimu, huyo fundi wako mwambie aende. Kulabu ikae. Asije mtu hapa kesho na keshokutwa akasema hapakuwa na kitu."

Mwalimu Mkuu alikuwa amevua miwani akiipangusa, ingawa si miwani iliyolowa. Alitoka mwenyewe kumwambia fundi afungashe mitambo yake. Aliporudi alimwuliza Bibi kama angekubali kuja kuwasimulia wanafunzi.

"Nitakuja," Bibi alisema. "Nitasimulia mpaka wanichoke. Wakinichoka, nitaanza upya."

Kwa mara ya kwanza siku ile, watu walicheka.

Bibi alikuja, tena si peke yake. Kinyozi alikuja, na Muuza Mkaa naye alikuja, akakaa kwenye kiti varandani na kuwataja wanawe kwa majina, na michezo waliyoipenda, na nani kati yao alikuwa mtundu. Wanafunzi walisikiliza hadi mwisho. Mbishi, ambaye hakuwahi kukosa la kubisha, aliuliza swali moja tu: wapiga bunduki walifanywa nini? Kinyozi alimwambia ukweli, kwamba wachache walishitakiwa na wengi hawakuguswa. "Ndiyo maana tunasema," aliongeza. "Asiyefikishwa mahakamani, angalau alichofanya kisisahauliwe."

Wazee wenyewe ndio waliotaka ringi irudi. Walipatana kwamba ya kukusanyika haitagongwa tena kamwe kwenye kulabu ile, na Mwalimu Mkuu alinunua filimbi mpya yenye sauti. Ringi itagongwa mara moja tu kwa siku, mchana, watoto wakienda nyumbani. Siku ya kwanza, Sekunde na Mbishi walipita mlango kwa mlango tangu asubuhi kuwaarifu watu, asishtuke hata mmoja.

Wakati ulipofika, Sekunde alishika nondo na kusimama kwa vidole.

Ngo-ngo, ngo. Ngo-ngo, ngo.

Watoto walimiminika nje ya lango kwa kelele zao. Kinyozi alisimama mlangoni kwake, mteja nyuma yake ana povu nusu ya kidevu na analalamika. Mlango ulibaki wazi. Muuza Mkaa alikaa juu ya gunia lake, hakupunga mkono, wala hakukimbia. Bibi alikuwa ameiweka pasi kwenye kigae chake, akavuka barabara, na sasa alikuwa amesimama varandani karibu na mlango wa stoo. Alikuwa anatazama visigino vya mjukuu wake vikipanda na kushuka.

Sekunde alipomaliza, Bibi alimwita.

"Nilidhani nikinyamaza namlinda kaka yangu," alisema. "Kumbe nilimwacha hapa peke yake, na uwongo ukamzunguka. Ubaya waliotendewa watu hauondoki kwa kutosemwa, mjukuu wangu. Unakaa pale pale, mpaka mtoto asiyejua aje augonge kwa nondo. Aliyeona ana deni la kusema, na aliyeambiwa ana deni la kukumbuka. Mimi nimesema. Sasa na wewe ni shahidi. Siku utakayomkabidhi nondo hiyo kiranja mwingine, usimkabidhi chuma kitupu. Mkabidhi na habari yake yote, ya kwanza na ya pili."

"Nitamkabidhi, Bibi."

"Na kesho usichelewe."

"Lini mimi nimechelewa?"

Bibi alitaka kumjibu, akaghairi. Alimshika mkono, wakatoka langoni pamoja na watoto wengine, wakaenda nyumbani.